Nusu Saa ya Porter Wagoner

Mwishoni mwa miaka ya 1940, bucha moja katika mji mdogo wa West Plains, kusini mwa jimbo la Missouri nchini Marekani, lilikuwa na muuzaji aliyeimba. Aliitwa Porter Wagoner, mzaliwa wa tarehe 12 Agosti 1927, mtoto wa wakulima wa vilima vya Ozark walioacha shamba wakahamia mjini. Wateja walipopungua alichukua gitaa na kuimba palepale dukani. Mwenye bucha hakumkataza. Aliona faida ya sauti ile, akalipia robo saa kwenye redio ya mji, KWPM, na matangazo yakarushwa kutoka humohumo buchani. Nyimbo zilitangulia, nyama ikafuata.

Naanza na bucha kwa sababu kipindi cha televisheni kilichokuja kumpa Porter Wagoner jina kilijengwa kwa kanuni ileile. Mwenye bidhaa analipia muda, mwimbaji anawaleta watu. The Porter Wagoner Show ilidumu miaka 20 hivi, kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1960 hadi 1981. Ilirekodi vipindi 686 vya nusu saa, na katika siku zake bora ilionekana kwenye vituo zaidi ya 100, ikitazamwa na watu zaidi ya milioni 3 kila wiki. Wengi wanaoikumbuka leo hukumbuka suti za kumeta na nywele zilizopandishwa juu. Mimi naona jambo kubwa zaidi lilikuwa swali la nani mwenye mali: nani mwenye nusu saa, nani mwenye jukwaa, nani mwenye wimbo. Msichana aliyeingia katika kipindi hicho mwaka 1967 kama mwajiriwa alilielewa swali hilo kuliko wote waliomzunguka, na jina lake lilivuka bahari hadi kwetu.

Muziki wa kantri na uchuuzi vilikuwa ndugu tangu zamani. Kabla ya redio, vijiji vya kusini mwa Marekani vilitembelewa na wauza dawa waliosafiri na waimbaji na wachekeshaji. Watu wakusanyike kwanza kwa ajili ya fidla, kisha daktari wa kujipachika apande jukwaani kuisifu chupa yake. Roy Acuff, aliyekuja kuitwa mfalme wa muziki huo, alianza kazi mwaka 1932 katika msafara wa namna hiyo. Jimmie Rodgers, ambaye wengi humhesabu kuwa baba wa kantri, naye alipitia humo. Redio ilipoingia, mambo hayakugeuka sana. Grand Ole Opry, onyesho la redio la Nashville lililoanza mwaka 1925, lilikuwa mali ya kampuni ya bima, na herufi za kituo chake, WSM, zilitokana na kaulimbiu ya kampuni hiyo kwamba inawakinga mamilioni. Lester Flatt na Earl Scruggs, mabingwa wa bluegrass, waliingia kwenye televisheni kwa fedha za unga wa Martha White. Bima, unga, nyama. Mkulima aliyesikiliza alijua kabisa kwamba anauziwa kitu, na hakuona ubaya wowote. Alipewa wimbo mzuri bila kulipa, na unga angenunua hata hivyo.

Kutoka buchani Porter alihamia Springfield mwaka 1951, kwenye kituo cha KWTO, na mwaka uliofuata akaingia mkataba na kampuni ya santuri ya RCA. Miaka ya mwanzo ilikuwa ya tabu, kisha mwaka 1955 wimbo wake A Satisfied Mind ukapanda hadi namba 1. Mwaka huohuo, mwezi Januari, mtandao wa televisheni wa ABC ulianza kurusha moja kwa moja Ozark Jubilee, onyesho la Springfield, mwenyeji akiwa Red Foley. Kwa mara ya kwanza mtandao wa taifa zima uliwaweka nyota wa kantri mbele ya kamera kwa ukawaida, wiki baada ya wiki. Porter alikuwa miongoni mwao. Mwaka 1957 alihamia Nashville na kupokelewa Opry.

Ozark Jubilee ilifungwa Septemba 1960. Mitandao mikubwa ilikuwa na makao yake New York na Hollywood, na wakuu wake hawakuwahi kuamini sana kwamba muziki wa mashambani unastahili saa za jioni. Lakini watazamaji hawakwenda popote. Walikuwa palepale Tennessee, Georgia, Alabama, Texas, na pia Detroit na Chicago, ambako maelfu yao walikuwa wamehamia kutafuta kazi viwandani. Na sasa palikuwa na chombo kipya, mkanda wa video, uliotoka mwaka 1956. Kipindi kingeweza kurekodiwa Nashville mara moja, mikanda ikanakiliwa na kutumwa kituo kwa kituo, kila kituo kikakirusha kwa saa iliyokifaa, mara nyingi Jumamosi jioni. Hakuhitajika mkuu yeyote wa New York kutoa ruhusa. Alihitajika mwenye bidhaa tu.

Mwenye bidhaa huyo alikuwa Chattanooga Medicine Company, kampuni ya dawa iliyoanzishwa mwaka 1879 katika mji wa Chattanooga, Tennessee. Ilikuwa na dawa mbili zilizojulikana kila kona ya kusini. Ya kwanza ni Black-Draught, haluli ya mimea iliyokaa katika kabati za jikoni kwa vizazi kadhaa. Ya pili ni Wine of Cardui, dawa ya akina mama kwa maumivu ya hedhi, yenye pombe iliyokaribia asilimia 20. Kampuni ilijua kutangaza. Ilichapa kalenda na vijitabu vya siku za kuzaliwa kwa wanawake na kuvigawa bure madukani. Ilijua pia kupigania jina lake. Mwaka 1914 jarida la chama cha madaktari wa Marekani liliishambulia Cardui kwamba ni ulaghai, na kampuni ikaenda mahakamani. Kesi ilimalizika Chicago mwaka 1916. Jopo la raia waliokaa kuamua liliipa kampuni ushindi, kisha likapima fidia yake: senti 1.

Kampuni iliyokuwa imeyapitia hayo haikuwa na sababu ya kuona haya kuuza haluli kwa njia ya televisheni. Ilimchagua Porter kwa sababu alifanana na wateja wake. Alikuwa mrefu, mwembamba, uso wa mfupa, sauti ya mtu wa shamba isiyopigwa msasa. Alipokuwa akiisifu Black-Draught mbele ya kamera, aliisifu kama mtu aliyeikuta nyumbani kwao tangu utotoni. Watu walimwamini.

Muundo wa nusu saa ile haukubadilika kwa miaka mingi. Porter anafungua kwa wimbo wa kasi, na bendi yake, Wagonmasters, nyuma yake: Don Warden kwenye gitaa la chuma, Buck Trent kwenye banjo la umeme, Mack Magaha kwenye fidla, George McCormick kwenye gitaa. Kisha mwimbaji wa kike. Kisha tangazo. Kisha Speck Rhodes, mpiga besi na mchekeshaji, ndani ya suti ya mirabamiraba, meno ya mbele yamepakwa rangi nyeusi ili aonekane kibogoyo, akizungumza kwa simu na mpenzi wake Sadie ambaye hakuna mtazamaji aliyewahi kumwona. Kisha mgeni wa wiki. Na kabla ya kuagana, wimbo wa dini, ambao wote waliuimba kwa uso wa kanisani. Walirekodi vipindi kadhaa kwa mfululizo, bila kurudiarudia, halafu wakapanda basi kwenda kuimba kwenye kumbi na maonyesho ya kilimo, usiku baada ya usiku. Televisheni iliwatangaza na barabara ikawalipa.

Suti zenyewe zinastahili maneno machache, kwa kuwa nazo zilianza kama tangazo. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 fundi cherehani aitwaye Nudie Cohn, aliyezaliwa Kyiv mwaka 1902 na kupelekwa Marekani akiwa mtoto, alikuwa na duka North Hollywood akiwashonea waigizaji wa filamu za wachunga ng'ombe. Alimshonea Porter suti moja bure, akiamini kwamba nyota huyu mchanga ataitembeza biashara yake. Hakukosea. Porter alivaa suti za Nudie maisha yake yote: magurudumu ya mikokoteni yaliyodariziwa, mimea ya jangwani, mawe ya kung'aa kuanzia mabegani hadi kwenye pindo la suruali. Ndani ya bitana aliandikiwa salamu kubwa. Mtu alipoinua kamera ukumbini, Porter alifungua koti, na salamu ikaonekana kwenye picha.

Ni rahisi kwa mtu wa mjini kuziona suti hizo kuwa kichekesho. Mimi sioni hivyo. Watu waliomtazama Porter walikuwa wamevaa ovaroli wiki nzima, na wengi walikulia katika umaskini kama wake. Mtu wao aliyefanikiwa hakuja mbele yao amejificha ndani ya suti ya kijivu ya benki. Alikuja akimeta, akizungumza lafudhi yao, akiomboleza mama zao na kuimba tenzi zao. Alikuwa anawaheshimu, nao waliitambua heshima hiyo.

Kwa miaka mingi ya mwanzo mwimbaji wa kike wa kipindi alikuwa Norma Jean, binti wa Oklahoma, mpole na mwenye sauti safi, ambaye watazamaji walimpenda kama mtoto wa nyumbani. Mwaka 1967 aliamua kuondoka na kuolewa. Porter alihitaji mtu wa kujaza nafasi, akamwita msichana wa miaka 21 aliyekuwa akiandika nyimbo Nashville.

Dolly Parton alizaliwa tarehe 19 Januari 1946 katika kaunti ya Sevier, mashariki mwa Tennessee, mtoto wa 4 kati ya 12. Baba yake hakujua kusoma wala kuandika. Daktari aliyemzalisha mama yake alilipwa gunia la unga wa mahindi. Alipofika miaka kumi hivi alikwisha kuimba kwenye redio na televisheni za Knoxville, katika kipindi cha Cas Walker, tajiri wa maduka ya vyakula aliyewahi kuwa meya wa mji huo. Kwa hiyo naye alilelewa na kanuni ya bucha. Alijua tangu utotoni kwamba nyuma ya kila wimbo wa televisheni kuna mtu anayeuza maharagwe. Mwaka 1964, siku moja baada ya kumaliza sekondari, alipanda basi kwenda Nashville.

Porter alimpa mshahara wa dola 60,000 kwa mwaka, fedha ambazo familia ya Parton haikuwa imewahi kuziota. Lakini miezi ya kwanza ilikuwa michungu. Kwenye maonyesho ya barabarani watu walipaza sauti wakimtaka Norma Jean. Dolly alikuwa na sauti nyembamba ya juu, na haikufanana hata kidogo na ile waliyoizoea. Porter alipata dawa. Aliimba naye. Mtazamaji ambaye hakuwa tayari kumpokea mgeni huyu peke yake angempokea akiwa kando ya mtu anayemwamini. Alikwenda pia kwa Chet Atkins, mkuu wa RCA pale Nashville, akamsihi amsajili Dolly, na Atkins aliposita, Porter akaahidi kwamba hasara yoyote ikatwe kwenye mirabaha yake mwenyewe. Wimbo wao wa kwanza wa pamoja, The Last Thing on My Mind, ulirekodiwa mwaka uleule na ukaingia kumi bora. Hapakuwa na hasara ya kukatwa.

Miaka iliyofuata ndiyo dhahabu ya kipindi hicho. Chama cha muziki wa kantri kiliwapa tuzo mwaka 1968, kikawapa tena mwaka 1970 na 1971. Sauti zao zilishikana kwa namna ambayo ni vigumu kuieleza kwa mtu ambaye hajaisikia: yake nzito na kavu, ya Dolly ikiizunguka kwa juu. Waliimba kuhusu wapenzi wanaogombana, watoto wanaokufa, ndoa zilizochoka. Watazamaji wengi waliamini kwamba ni mume na mke. Dolly alikuwa na mume wake nyumbani, mtu aliyekataa kabisa kamera.

Siku moja mwaka 1969, ndani ya basi la Porter, wimbo ulimjia Dolly naye hakuwa na karatasi. Alichopata ni risiti ya dobi, iliyotundikwa kwenye mojawapo ya suti za Porter zilizotoka kusafishwa. Akaandika nyuma yake. Wimbo ulikuwa Coat of Many Colors, unaosimulia koti ambalo mama yake alimshonea kwa viraka alipokuwa mtoto, na watoto wa shule waliomcheka. Ulitoka mwaka 1971, na Dolly amesema mara nyingi kwamba kati ya nyimbo zote alizoandika huo ndio anaoupenda zaidi.

Nimeufikiria sana mkutano huo wa mavazi mawili. Suti ya Nudie ilikuwa ya kuonesha kwamba umaskini umeachwa nyuma. Wimbo uliuchukua umaskini uleule na kuuweka mbele ya watu bila aibu. Porter alikuwa amemfundisha Dolly mengi: kusimama mbele ya kamera, kuongoza bendi, kujua wimbo gani ufungue na upi ufunge. Hili hakuhitaji kufundishwa. Alikwisha kuona kwamba mali yake kubwa ni yale aliyoyaishi, na kwamba mali hiyo lazima iandikwe kwa jina lake. Pamoja na mjomba wake Bill Owens alikuwa na kampuni ya kuhifadhi haki za nyimbo zake, Owepar, wakati ambapo waandishi wengi wa Nashville waliuza haki zao kwa bei ya kodi ya mwezi.

Hata hivyo Porter alikuwa bado mwenye jukwaa, na mara nyingi jicho lake lilikuwa sahihi. Mwaka 1970 alimshauri Dolly arekodi Mule Skinner Blues, wimbo wa zamani wa Jimmie Rodgers wa mwaka 1930, wa mwanaume anayeomba kazi ya kuendesha nyumbu. Dolly hakuamini kwamba unamfaa. Uliishia namba 3 na ndio uliomfungulia mlango wa kusimama peke yake. Mwaka uliofuata Joshua ukawa wimbo wake wa kwanza kufika namba 1.

Hapa msomaji wa Afrika Mashariki ana haki ya kusimama kidogo, maana huyu Jimmie Rodgers alifika kwetu kabla ya Dolly kuanza shule. Mwaka 1950 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, aliweka mitambo yake Kapkatet, katika nchi ya Wakipsigis magharibi mwa Kenya, akarekodi wasichana wakiimba juu ya Chemirocha, yaani Jimmie Rodgers kwa matamshi yao. Wakipsigis walikuwa wamesikia santuri za Rodgers kwenye gramafoni, sauti ya mtu asiyeonekana na gitaa lake, wakamfanya kiumbe nusu mtu nusu swala. Nami sidhani kwamba mapenzi ya wasikilizaji wa Kenya na Tanzania kwa Jim Reeves, Kenny Rogers na Dolly mwenyewe yalianzia kwenye kaseti za miaka ya 1980. Njia ilikuwa imekwisha kukanyagwa.

Na kuna deni la kutoka upande huu ambalo nusu saa ya Porter haikulitaja. Banjo ambalo Buck Trent alilifunga umeme ni chombo ambacho asili yake ni Afrika, kikapelekwa na watumwa na kuundwa upya kwa vibuyu na ngozi katika mashamba ya Karibi na Amerika. Mmoja wa nyota wa kwanza wa Opry alikuwa mtu mweusi, DeFord Bailey, mpiga kinanda cha mdomo, mjukuu wa mtumwa. Opry ilimwachisha kazi mwaka 1941, naye akaishi kwa kung'arisha viatu Nashville. Runinga ya kantri ya miaka ya 1960 iliwaonesha watazamaji mashamba ya kusini ambayo karibu hayana watu weusi, na uongo huo haukuwa mdogo. Porter mwenyewe, kwa haki yake, alifanya jambo moja lililowakasirisha wenzake: Machi 1979 alimwalika James Brown kuimba kwenye jukwaa la Opry. Baadhi ya wakongwe walipinga waziwazi. Porter hakurudi nyuma, na Brown aliimba.

Tumrudie Dolly. Alikuwa amemwahidi Porter miaka mitano. Ilipopita alitaka kuondoka, Porter akakataa. Waligombana kuhusu nyimbo, kuhusu santuri, kuhusu nani asimame wapi. Nionavyo, kila mmoja alikuwa na sehemu ya haki. Porter alikuwa amehatarisha fedha zake na jina lake kwa msichana ambaye hakuna aliyemtaka, na kipindi kilikuwa nyumba aliyoijenga yeye. Dolly alikuwa anaandika nyimbo kubwa kuliko nyumba hiyo. Jolene ulitoka mwaka 1973. Mtu mwenye wimbo kama huo hawezi kuendelea kutambulishwa kila Jumamosi kama msichana wa Porter Wagoner, baina ya Speck Rhodes na tangazo la haluli.

Maneno yalipokosa kusikika, alifanya alichokijua. Alikwenda nyumbani, akaandika I Will Always Love You, na asubuhi akarudi ofisini kwa Porter akamwimbia ana kwa ana. Kwa simulizi ya Dolly, Porter alilia, akasema huo ni wimbo bora kuliko zote alizowahi kuandika, na kwamba anaweza kwenda, mradi yeye ndiye asimamie kurekodiwa kwake. Ulirekodiwa Juni 1973. Mapema mwaka 1974 Dolly akatangaza kuondoka, na kabla ya mwaka kufika katikati wimbo ukawa namba 1 kwenye chati za kantri.

Elvis Presley aliutaka. Meneja wake, Colonel Tom Parker, alimwarifu Dolly kwamba Elvis harekodi wimbo bila kupewa nusu ya haki zake. Huo ulikuwa utaratibu wa kawaida wa Parker, na waandishi wengi waliukubali kwa furaha. Dolly alikataa. Amesema kwamba alilia usiku kucha. Lakini alikataa, na nadhani hapo ndipo unapoona kilichomwingia miaka yote ile mbele ya kamera za Nashville. Alikwisha kutazama kwa karibu jinsi sauti ya mtu inavyotumika kuuza mali ya mwingine.

Porter aliumia. Waliendelea kurekodi pamoja kwa muda, kisha mwaka 1979 alifungua kesi akidai dola milioni 3 kwa kuvunjwa kwa mkataba wao, ikiwemo sehemu ya mapato ya Dolly ya baadaye. Walimaliza nje ya mahakama, na Dolly akalipa. Miaka miwili baadaye kipindi kilifikia mwisho, na RCA nayo ikaachana na Porter baada ya karibu miaka 30. Vituo vidogo vilikuwa na mambo mengine ya kurusha sasa, setilaiti na kebo zilikuwa zimeingia, na wateja wa Black-Draught walikuwa wanazeeka.

Uchungu ulipungua polepole, kwa miaka, na waliimba tena pamoja. Mwaka 1992 Whitney Houston aliuchukua wimbo ule wa kuagana kwa ajili ya filamu The Bodyguard. Ulikaa namba 1 Marekani kwa wiki 14 na kuzunguka dunia nzima, kuanzia redio za Dar es Salaam hadi harusi za Kinshasa, na mirabaha yote ya mwandishi ikaenda kwa mtu aliyeuandika ili aweze kuacha kazi.

Porter aliendelea Opry, mwembamba zaidi, suti zilezile. Mwaka 2002 aliingizwa kwenye jumba la heshima la muziki wa kantri. Mei 2007 Opry iliadhimisha miaka yake 50 jukwaani, na Dolly alikwenda kumwimbia wimbo ule wa kuagana. Mwezi uliofuata alitoa albamu mpya, Wagonmaster, iliyosimamiwa na mwanamuziki Marty Stuart, na watu waliozaliwa baada ya kipindi chake kufungwa wakaanza kumsikiliza kwa makini. Mwezi Julai bendi ya roki ya White Stripes ilimwita New York kufungua onyesho lao Madison Square Garden. Tarehe 28 Oktoba mwaka huohuo alifariki Nashville kwa saratani ya mapafu, akiwa na miaka 80. Dolly alikuwa amekwenda kumwona siku ileile, na alikuwa miongoni mwa walioimba kwenye ibada ya kumuaga ndani ya ukumbi wa Opry.